Mguu haudanganyi: Kocha wa riadha anavyoisikia mbio kabla ya kuiona

Mei 2020 ligi ya Ujerumani iliporudi uwanjani bila mashabiki kwa sababu ya corona, sisi tuliokuwa mbele ya runinga huku tulisikia soka ambalo hatukuwahi kulisikia. Mpira ukigongwa vizuri unatoa mlio mmoja mzito, ukigongwa vibaya unatoa mwingine. Kipa anawafokea mabeki wake mpaka unajua jina la kila mmoja. Wiki chache baadaye baadhi ya vituo vya televisheni vikaanza kupachika kelele za mashabiki za kutengeneza, na wengi wetu tukashukuru. Soka bila kelele haliliki.

Mtu ambaye asingeshukuru ni kocha wa riadha. Kwa kazi yake, kelele za jukwaani ni usumbufu tu. Yeye anataka kusikia mguu.

Hili sisi watu wa soka hatulijui sana, kwa sababu kwetu kasi ni kitu cha kuona. Tunasema "huyu dogo ana mbio" kwa kuwa tumemuona akimwacha beki. Tukitaka kuwa wataalamu kidogo tunachukua saa na kupima mita 30. Lakini saa inakupa jibu bila kukupa sababu. Madogo wawili kwenye UMISSETA wanaweza kumaliza mita 100 kwa muda uleule, mmoja akiwa amekimbia vizuri na bado ana nafasi kubwa ya kupanda, mwenzake akiwa anajifungia breki kila hatua na msuli wa nyuma ya paja uko njiani kuchanika. Saa haiwatenganishi hao. Sikio linaweza.

KIMYA CHA JUU YA KIUNZI

Pazuri pa kuanzia ni mbio za viunzi, kwa sababu pale mlio una mpangilio ambao hata asiyejua riadha anaushika ndani ya dakika tano.

Chukua mita 110 za wanaume. Kuna viunzi 10, kila kimoja kina urefu wa sentimita 106.7, na kutoka kiunzi hadi kiunzi ni mita 9.14. Anayeijua kazi anapiga hatua tatu katikati. Ukifumba macho utasikia mguu ukigonga chini mara nne: anapotua, mara mbili za katikati, na pale anaporuka tena. Pa-pa-pa-pa. Kisha kimya. Pa-pa-pa-pa. Kimya. Kwa wakali wa dunia mzunguko mmoja wa namna hiyo unakula kama sekunde moja.

Ungedhani kocha anasikiliza miguu. Cha kwanza anachosikiliza ni kile kimya. Kikirefuka, maana yake mkimbiaji amekaa hewani kuliko inavyotakiwa, yaani amekiruka kiunzi badala ya kukipita. Na aliyekwenda juu lazima ashuke, kwa hiyo kimya kirefu hufuatwa na kishindo. Pa-pa-pa-pa... halafu PWAA. Kwenye kishindo hicho kasi imemwagika pale chini, na hatua inayofuata inachelewa. Kocha anaweza kuwa ameinamia daftari lake, hajamuona mtu, na bado akapiga kelele: "Umepanda sana kiunzi cha nne!"

Baada ya kimya anahesabu. Mmarekani Aries Merritt, aliyeweka rekodi ya dunia ya sekunde 12.80 mjini Brussels Septemba 2012, alikuwa ameacha kupiga hatua nane kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza, akahamia saba. Umbali ni uleule, mita 13.72. Nane zinasikika kama mtu anayegonga mlango kwa haraka. Saba zina nafasi kidogo katikati na kila moja ina uzito wake. Huhitaji kuona.

Kwenye mita 400 viunzi hadithi inakuwa tamu zaidi, maana pale kuna uchovu. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Edwin Moses wa Marekani, bingwa wa Olimpiki 1976 na 1984, alijijengea jina kwa kupiga hatua 13 kila nafasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kati ya 1977 na 1987 alishinda mbio 122 mfululizo. Hebu fikiria timu inayocheza miaka karibu 10 bila kufungwa.

Hatua 13 au 15 zinakufikisha kwenye kiunzi kwa mguu uleule kila mara. Ukipiga 14 lazima ujue kuruka kwa miguu yote miwili, na si wengi wanaojua. Sasa mtu akianza na 13 halafu mafuta yakaisha kiunzi cha saba, sikio linaona kabla ya jicho: zile hatua za mwisho kabla ya kuruka zinakuwa fupi na za kubanana, ta-ta-ta-ta, kwa sababu amefika vibaya na anajipanga upya. Au zinakuwa ndefu, za kuvuta, kila moja ikichelewa kuliko iliyotangulia. Hapo kocha anajua kesho yake mazoezi ni ya nini.

Agosti 3, 2021 jijini Tokyo, fainali ya Olimpiki ya mbio hizo ilikimbiwa kwenye uwanja ambao majukwaa yake yalikuwa matupu kwa sababu ya corona. Karsten Warholm wa Norway alitumia sekunde 45.94, mtu wa kwanza kushuka chini ya 46. Mmarekani Rai Benjamin, wa pili, alitumia 46.17, muda ambao ungekuwa rekodi ya dunia asubuhi ile. Kama unayo video, zima sauti ya mtangazaji kichwani mwako na ujaribu kufuata miguu tu.

Na kabla mtu hajasema viunzi ni mambo ya Wazungu: wa kwanza kukimbia mita 400 viunzi chini ya sekunde 48 alikuwa John Akii-Bua wa Uganda, Munich 1972, sekunde 47.82, tena akiwa njia ya kwanza ambako kona ni kali kuliko njia zote. Mwaka 2015 Nicholas Bett wa Kenya akachukua dhahabu ya dunia Beijing akitokea njia ya tisa. Afrika Mashariki tuna historia kwenye mchezo huu. Tatizo ni kwamba shule nyingi hazina viunzi hata vya mbao.

Je, mkimbiaji mwenyewe anasikia? Anasikia, na inamsaidia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michezo cha Ujerumani kilichopo Cologne walichapisha jaribio lao: watu 20 waliruka viunzi katika hali tatu. Kwanza wakisikia hatua zao kama kawaida. Pili, wakiwa wamefunikiwa milio ile kwa sauti ya "shhh", kama redio isiyoshika stesheni. Tatu, wakisikia hatua zao wenyewe lakini zimecheleweshwa kidogo. Hii ya tatu ndiyo iliyowavuruga. Muda wao ukawa mbaya zaidi na hata namna ya kukimbia ikabadilika. Aliyewahi kuongea kwenye simu huku anajisikia mwenyewe kwa mwangwi anaelewa: ulimi unagongana. Kumbe na miguu nayo inagongana.

PA, PWAA NA TA-PA

Kwenye mbio za kawaida, zisizo na viunzi, watu wengi wanakosea kwa kudhani anayekimbia vizuri ni yule asiyesikika kabisa. "Anakimbia kama paka," tunasema, na tunamaanisha sifa.

Kwa mbio fupi sifa hiyo inapotosha. Mwaka 2000 Peter Weyand na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba kinachowatofautisha wenye kasi kubwa na wenye kasi ndogo ni nguvu wanayoipiga chini kila wanapokanyaga. Muda wa kuurudisha mguu mbele ulikaribiana kati ya wepesi na wazito. Mwenye mbio anaipiga ardhi kwa nguvu zaidi, tena kwa muda mfupi mno: mkali wa mita 100 akiwa kwenye kasi yake ya juu mguu wake unakaa chini karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Huwezi kufanya kazi hiyo kimyakimya.

Kwa hiyo kocha hasikilizi sana ukubwa wa mlio. Anasikiliza urefu wake na nafasi kati ya mmoja na mwingine.

Mlio unaotakiwa ni "pa". Mfupi, mkavu, unaanza na kuisha papo hapo, kama kofi la mtu aliyekasirika. Maana yake kifundo kimekaza, mguu umeshuka chini ya mwili, umepiga na kuondoka.

Mlio wa pili ni "pwaa". Huu una mkia. Unyayo mzima umeanguka chini, kifundo kimelegea kama mlango uliotoka bawaba, na mguu umebaki pale ukisubiri mwili upite juu yake. Utausikia sana kwa vijana mita 20 za mwisho, walipochoka. Mtu anaanza na pa-pa-pa na kumaliza na pwaa-pwaa-pwaa, na ukimuuliza atakuambia alikuwa anaongeza kasi.

Wa tatu ni "ta-pa", milio miwili kwa hatua moja. Kisigino kwanza, halafu mbele ya mguu. Kwa mkimbiaji wa marathoni hiyo si kesi, wapo wengi wazuri wanaotua kwa kisigino. Lakini kwa mtu wa mita 100 anayetafuta kasi ya juu, ta-pa ni habari mbaya: mguu unatua mbele mno ya mwili, na kila unapotua unasukuma kurudi nyuma. Dogo anadhani anapanua hatua. Kumbe anavuta breki mara 45 kwenye mita 100, wakati Usain Bolt wa Berlin 2009, yule wa 9.58, alihitaji hatua 41 tu.

Upo na mkwaruzo, "kshh", ambao kwenye kiwanja cha udongo unausikia vizuri kuliko kwenye tartani. Mguu umeburuzwa kabla ya kutua au wakati wa kuondoka. Goti halipandi. Hapa huna haja ya mashine wala ya mtaalamu kutoka nje.

Ukishazoea kwenye mbio, nenda kwenye miruko mitatu, utafurahi. Pale kuna milio mitatu tu kuanzia ubaoni: pa, pa, pa, kisha mchanga. Anayejua anaigawa karibu sawa, kama mtu anayepiga makofi taratibu. Anayeanza anatumia nguvu zote kwenye mruko wa kwanza, anakwenda juu, akitua mguu unakunjika, na mruko wa pili unakuwa kahatua tu. Sikio linasikia: pa... ... pa-pa, mchanga. Muingereza Jonathan Edwards aliweka mita 18.29 mjini Göteborg 1995 na mpaka leo haijavunjwa. Tafuta video yake usikilize ile ya katikati. Hapo ndipo wengi wanapofia, na yeye anapita kama jiwe bapa linalorushwa juu ya maji.

SIMU YA MFUKONI INATOSHA

Kuna kitu kimoja ambacho naona makocha wetu wa mashuleni wangekitumia kesho kama wangekijua. Kamera ya simu ya kawaida inapiga picha kama 30 kwa sekunde. Mguu wa mkimbiaji mzuri unakaa chini sehemu moja ya kumi ya sekunde. Piga hesabu: unapata picha tatu za mguu ukiwa chini, na moja kati ya hizo ni ukungu. Lakini kinasa sauti cha simu hiyohiyo kinapima mlio maelfu kwa maelfu ya mara ndani ya sekunde moja. Mara 44,100 ni kiwango cha kawaida kabisa. Yaani simu ya bei ndogo ina jicho la babu na sikio la popo.

Rekodi mbio, fungua kwenye programu yoyote ya bure ya kuhariri sauti, na utaona kila hatua imesimama kama mti. Pima nafasi kati ya mti na mti. Kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto. Kama nafasi moja ni ndefu kila mara, una jambo la kufuatilia. Usidai zaidi ya hapo, maana mguu unapotua unalia lakini unapoondoka hausikiki vizuri, kwa hiyo huwezi kujua hasa ulikaa chini muda gani. Hilo waachie wenye mitambo.

Na simama mahali sahihi. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, ambayo ni polepole ukilinganisha na jicho. Ukiwa mita 100 kutoka kwa mkimbiaji unamsikia karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kumuona, na ubongo unachanganyikiwa. Ndiyo maana washika saa za mkononi hufundishwa kuanza kwa moshi wa bastola, si kwa mlio wake, na kwenye mashindano makubwa kila mkimbiaji ana spika yake nyuma ya vibao vya kuanzia ili wa njia ya nane asisikie baada ya wa njia ya kwanza. Kocha wa masikio anasimama pembeni, karibu, usawa wa pale anapotaka kusikiliza.

Halafu kuna viatu. Hapa mambo yameharibika kidogo miaka ya karibuni. Viatu vya kisasa vya mbio ndefu vina soli nene ya sponji na bamba gumu ndani yake. Sheria za dunia zinaruhusu hadi milimita 40 kwa mbio za barabarani, na tangu Novemba 2024 milimita 20 kwa za uwanjani. Sponji inameza mlio. Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, wote wawili wakipewa saa 2:09:48, ilibidi mashine ya picha iamue. Sikio lisingesema kitu pale. Na usimlinganishe aliyevaa viatu vya miiba kwenye tartani na aliye pekupeku kwenye nyasi. Mlinganishe mtu na nafsi yake, kiatu kilekile, ardhi ileile, Jumanne hii na Jumanne ijayo.

Jingine la kuwa nalo makini ni huyohuyo Bolt. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha SMU cha Texas walichambua video za mbio zake na kukuta mguu wa kulia unapiga chini kwa nguvu iliyozidi ya kushoto kwa karibu asilimia 13, na wa kushoto unakaa chini muda mrefu zaidi kwa karibu asilimia 14. Bolt ana uti wa mgongo uliopinda, na hatua zake hazikulingana hata siku zake nzuri. Kocha ambaye angesikia pa-PWA, pa-PWA na kumlazimisha azilinganishe, pengine angeiharibu rekodi ya dunia kwa mikono yake. Kutolingana si ugonjwa. Mtu akibadilika kutoka alivyokuwa mwezi uliopita, hapo ndipo unamuita pembeni.

MSULI WA PAJA UNA BEI

Sasa turudi nyumbani kwetu, kwenye soka, maana hapa ndipo mambo haya yanapogusa mfuko wa klabu.

Uchunguzi wa muda mrefu wa majeraha kwenye klabu kubwa za Ulaya, unaofanywa kwa ushirikiano na UEFA, ulionyesha kwamba msimu wa 2001/02 majeraha ya msuli wa nyuma ya paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Msimu wa 2021/22 yakawa asilimia 24. Mara mbili. Mchezo umekuwa wa kasi, ratiba imebana, na msuli ule ndio unaofanya kazi ya kuukamata mguu unaporushwa mbele kwa nguvu. Winga mwenye hatua ya ta-pa, anayetupa mguu mbele kabisa kuutafuta mpira, anaudai msuli huo kila mara anapochomoka.

Na tunaijua ile hadithi. Mchezaji ameumia, wiki tatu nje, derby ya Kariakoo iko Jumamosi. Anaulizwa, anajibu "niko fiti, mwalimu". Anabonyezwa paja, anatabasamu. Shabiki mtandaoni anadai apangwe. Dakika ya 20 anashika paja, anakaa chini, na safari hii ni miezi miwili. Mchezaji anaweza kuficha maumivu usoni, hawezi kwa urahisi kuyaficha miguuni akiwa kwenye kasi ya juu. Ukimkimbiza mita 40 kwenye sakafu ngumu au tartani, viatu vya kawaida, mguu unaoogopa utakanyaga tofauti na mwenzake: mlio mwepesi, au unaowahi kuondoka. Kama klabu ina rekodi ya miguu yake alipokuwa mzima, kazi ni rahisi zaidi. Simaanishi kwamba sikio linachukua nafasi ya daktari. Ninachosema ni kwamba kocha mwenye sikio atamrudisha kwa daktari huyo mtu wa "niko fiti" kabla ya Jumamosi, na kipimo hicho hakimgharimu hata senti.

Nimesema sakafu ngumu kwa makusudi. Nyasi zinaficha, na njumu zinapozama kwenye nyasi mlio unapotea. Hii ndiyo sababu mojawapo masikio ya makocha wa soka yamelala wakati ya wenzao wa riadha yako macho.

Kwenye kutua, hata hivyo, soka limeshaanza kusikiliza. Mwaka 2000 watafiti wa New Zealand waliwapa watu kazi rahisi: ruka kutoka juu, sikiliza mlio unapotua, halafu ruka tena na uupunguze. Nguvu ya kugonga chini ikapungua, bila somo refu la goti likae hivi na nyonga vile. Mwaka 2017 tafiti nyingine zikaonyesha jambo la namna hiyo kwa wakimbiaji wa kawaida: wakiambiwa wakimbie kwa mlio mdogo, wanabadilisha namna ya kutua na kishindo kinachopanda mguuni kinapungua. Hapa mlio mdogo ni sahihi. Anayetafuta rekodi ya mita 100 anataka kupiga ardhi. Beki anayeshuka kutoka kwenye kichwa anataka kuilinda goti yake, na ule mguu unaotua PWAA ukiwa umenyooka ndio unaokata mishipa ya goti bila hata kuguswa na mtu.

Programu ya kupasha misuli ya FIFA, ile inayoitwa FIFA 11+, imeliweka hilo ndani yake: unaruka, unatua laini, goti haliingii ndani. Mwaka 2008 matokeo ya wasichana 1,892 wa Norway wa miaka 13 hadi 17 yalichapishwa, na waliofanya programu hiyo walipata majeraha makubwa karibu nusu ya wenzao. Mlio ni sehemu ndogo tu ya programu nzima, tusiutwike sifa zote. Lakini kwa mwalimu mwenye wasichana 30 na filimbi moja, hawezi kuyaangalia magoti 60 kwa wakati mmoja. Anaweza kugeuka, akawapa mgongo, wakaruka wote, na akajua kama wametua kama gunia au kama mtu.

Wapo ambao hawana njia nyingine ila hiyo. Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona 1995, na miaka mitano baadaye akashinda mita 5,000 za wasioona kabisa kwenye Paralimpiki ya Sydney. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na kiongozi wake, wameunganishwa kwa kamba fupi mkononi, na wakienda sawasawa miguu minne inasikika kama miwili. Siku ile Sydney kiongozi wake aliishiwa nguvu kabla ya mwisho. Wanyoike ndiye aliyebaki akimvuta mtu anayeona kuelekea kwenye mstari asiouona, na kwa sheria kiongozi haruhusiwi kuuvuka kabla yake.

Kwenye kuruka chini kwa wasioona, mtu husimama karibu na ubao akipiga makofi au kuita, na mrukaji anahesabu hatua zake kuelekea kwenye sauti hiyo. Uwanja mzima hunyamaza. Hata soka lao ni hivyohivyo: mpira una njuga ndani, mlinzi anayemfuata mwenye mpira lazima aseme "voy" ili asigongane naye, na jukwaa linaombwa utulivu mpaka mpira utoke au goli liingie. Paralimpiki ya 2024 fainali ilichezwa chini ya mnara wa Eiffel, wenyeji Ufaransa dhidi ya Argentina, ikaenda hadi penalti. Maelfu ya mashabiki walikaa kimya wakisikiliza njuga na miguu, Wafaransa wakashinda, na hapo ndipo waliporuhusiwa kupiga kelele.